Kichwa cha wati 5 kwa ajili ya vepu: nilichokiona ndani ya miezi saba

Kichwa cha chaja ninachokiandikia hapa ni kile kidogo cheupe cha Apple, cha wati 5, chenye pini tatu. Kilikuwa kinakuja kwenye boksi la iPhone hadi mwaka 2020, kampuni ilipoacha kuweka vichwa kabisa. Modeli yake ni A1399. Imeandikwa upande wa pini kwa herufi ndogo mno, hata mwenye macho mazima inabidi akisogeze kwenye mwanga. Nilikinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kikiwa kimetumika, kwa shilingi 22,000. Tangu siku hiyo kina kazi moja tu nyumbani kwetu, nayo ni kuchaji vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ya mdogo wangu.

Shilingi 22,000 kwa kichwa cha kuchajia sigara ya kielektroniki ni hela nyingi, najua. Duka la jirani na pale niliponunua walikuwa wanauza kipya kwa 4,000. Mimi ni fundi simu, nina meza yangu Sinza, huu ni mwaka wa tisa, na vichwa vya 4,000 navijua kwa sababu vinaniletea wateja. Nilikuwa navijua hivyo na bado sikuwahi kukaa nikafikiria kwamba nyumbani kwetu kuna mtu anachomeka kitu cha kuweka mdomoni kwenye umeme wa aina ile ile.

Ilikuwa usiku wa Jumamosi. Umeme ulikatika saa tatu, ukarudi kama saa saba. Mdogo wangu anafanya kazi hotelini, siku hiyo hakuwa na zamu, akalala mapema. Vepu yake alikuwa ameichomeka kwenye ekstensheni ya mama, ile yenye matundu ya USB pembeni, na ameilaza juu ya godoro karibu na mto. Mimi niliamshwa na harufu. Betri ya lithiamu inapoachia ina harufu tamu tamu inayokwaruza koo, haifanani na waya unaoungua, na fundi akishaijua haimpotei. Nilikimbia chumbani kwake nikamkuta amesimama katikati ya chumba, ameishika kwa shuka.

“Dada, inachemka.”

“Iweke sakafuni. Iache, toka nje.”

Haikulipuka. Ilivimba, ikapasua ganda lake ubavuni, ikatoa moshi kwa dakika mbili tatu, ikanyamaza. Godoro lilibaki na duara la kahawia, ukubwa wa kisahani cha kikombe. Mama alitoka amejifunga kanga, akafungua madirisha yote, hakusema neno. Mpaka leo nikitandika kitanda kile nalipapasa lile duara.

Asubuhi nilichukua mita nikapima tundu la ile ekstensheni bila kuchomeka kitu. Ilisoma volti 5.9.

Kwa nini namba hiyo ilinitisha? USB ni volti 5, na kiwango chake cha kawaida kinaruhusu icheze kati ya 4.75 na 5.25. Ndani ya vepu nyingi ndogo kuna chipu ya kuchajia, ndogo kama punje ya mchele. Kazi yake ni kupokea hizo volti 5 na kuipa betri kile inachokihitaji. Betri iliyoishiwa huwa na volti 3 na kidogo, iliyojaa ni 4.2. Ile tofauti kati ya kinachoingia na kilichopo kwenye betri inageuka joto, ndani ya chipu hiyo hiyo. Chukua betri ya volti 3.5 inayovuta nusu ampia: kutoka kwenye volti 5 chipu inapata joto la wati 0.75. Kutoka kwenye volti 5.9 inapata wati 1.2. Kwenye meza, hewa inapita, huenda usigundue kitu. Kwenye mrija mdogo uliozama kwenye godoro la sponji, joto halina pa kutokea, na betri imelala ubavuni mwa ile chipu. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya usiku ule, pamoja na umeme uliorudi kwa kishindo saa saba wakati mwenye vepu amelala.

Hapo nimepata pia kipimo ambacho nawapa wateja wote wa vepu. Kupata uvuguvugu mwanzoni mwa kuchaji ni kawaida, kwa sababu ile tofauti ndiyo kubwa. Kadiri betri inavyojaa, vepu inatakiwa ipoe. Ukiishika mwishoni ukakuta ni ya moto kuliko ilivyokuwa mwanzoni, ichomoe, na usiichomeke tena.

Sasa nirudi kwenye kichwa. Siku nilipokileta nilikipima kwa kipima USB, kile kidude chenye kioo kinachokaa kati ya kichwa na waya. Bila mzigo kilitoa volti 5.1. Nilipochomeka vepu mpya ya mdogo wangu, yenye betri ya 850 mAh, ilivuta ampia 0.47 na volti zikashuka hadi 5.02, zikatulia hapo. Nilikaa nayo hadi mwisho nikiandika kila baada ya dakika kumi. Baada ya kama saa moja na nusu ampia zilianza kupungua taratibu, 0.4, 0.3, 0.15, na ilipofika saa mbili na dakika ishirini taa ikazimika na kipima kikasoma karibu na sifuri. Mstari ule nilioutaka ni huo: volti hazichezi, ampia zinashuka zenyewe kama betri inavyoomba. Kichwa chenyewe nilikishika kila mara. Hakikuzidi joto la kikombe cha chai kilichoanza kupoa. Nimerudia kipimo hicho baada ya miezi minne, na tena sasa kikiwa na miezi saba kwetu, na namba hazijatoka nje ya hapo hata kwa volti moja ya kumi.

Kinapokea kuanzia volti 100 hadi 240, na kwetu hilo lina maana. Jioni umeme ukiwa mdogo, taa zimefifia na friji inalalamika, tundu lake la USB bado linatoa 5.1 ile ile.

Lakini volti nzuri sicho kitu kikubwa zaidi nilicholipia. Kabla ya ule usiku mdogo wangu alikuwa ananiambia, “Dada, hii kitu ikiwa kwenye chaji inanipiga shoti midomoni.” Shoti ndogo, ya kuwasha, kama mdudu anatembea. Nilimjibu asivute ikiwa inachaji, nikaendelea na kazi zangu. Nilipaswa kuiacha kazi siku ile ile nikakichukua kile kichwa alichokuwa anatumia nikakifungua.

Nilikifungua baadaye. Kichwa chochote cha ukutani kina pande mbili ndani: upande wa umeme wa nyumba, volti 230, na upande wa USB, volti 5. Katikati kuna transfoma, na pande hizo hazitakiwi kugusana hata kidogo. Bodi nzuri huacha milimita kadhaa tupu kati yake, mara nyingi wanachimba na ufa kabisa kwenye bodi ili umeme usipate pa kuvukia. Kwenye kile cha mdogo wangu mistari miwili ya shaba ilikuwa imekaribiana kiasi kwamba nilipotaka kupitisha wembe kati yake, ulijaa. Kapasita inayounganisha pande mbili, ambayo inatakiwa iwe ya aina maalumu ya usalama ili hata ikifa isipitishe umeme, ilikuwa kapasita ya kawaida ya bluu, kama zile ninazobandua kwenye redio mbovu. Kapasita hiyo ikifa, volti 230 zinafika kwenye waya wa USB. Simu unaishika kwa vidole vikavu na ina kava. Vepu nyingi zina ganda la chuma, na zinaishia mdomoni, kwenye midomo na mate. Kwa hiyo mimi nikichagua kichwa cha vepu, nauliza kwanza kuhusu ukuta ule wa ndani, ampia baadaye.

Kile cha Apple nilikipima kati ya pini na USB kwa mita, hakuna njia. Mdogo wangu hajasikia tena kuwashwa midomo. Hata hivyo nimemwekea sharti kwamba ikiwa kwenye chaji haivutwi, na kwa hilo amenielewa.

Ampia ndizo watu wanazoniuliza zaidi mezani. Wanaogopa kwamba kichwa cha ampia 2 au 3 kitaisukumia vepu umeme mwingi ipasuke. Umeme hausukumwi hivyo. Tenki la lita elfu juu ya paa halijazi kikombe kwa nguvu, kinachoamua ni ulivyofungua bomba, na bomba lenyewe liko ndani ya vepu. Kinachosukuma ni volti. Hata vichwa vya chaji ya haraka, vile vya wati 33 au 65, vinaanza na volti 5 na kupanda tu pale kifaa kinapoomba, na vepu haiombi. Tatizo ni siku ambayo lile bomba la ndani limekufa. Chipu ikiungua na kubaki inapitisha umeme wote bila kuuzuia, kichwa cha ampia 3 kitatoa ampia 3 kwenye betri ndogo, na kichwa cha ampia 1 kitakataa kuvuka 1. Ndiyo maana napenda udogo wa hiki, ambacho ni cha ampia 1. Kwa simu za sasa ni kichwa cha kizamani kinachochosha, kwa vepu ni breki ya pili.

Kuna jambo la waya ambalo limewafanya watu kadhaa waniletee vepu nzima wakidhani zimekufa. Vepu ina tundu la taipu C, mtu ananunua kichwa kipya chenye tundu la taipu C na waya wa C kwa C, anachomeka, kimya. Kichwa cha taipu C hakitoi umeme hadi kione vipinga vidogo viwili, vya kilo-omu 5.1, ndani ya kifaa. Watengenezaji wengi wa vepu za bei ya chini wameviruka ili kubana senti. Ukitumia waya wenye kichwa cha USB cha bapa, ile ya zamani, unachaji vizuri, kwa sababu tundu lile la bapa lina umeme muda wote. Kichwa hiki cha Apple kina tundu la bapa, kwa hiyo kwa vepu hizo kinafanya kazi ambayo kichwa cha laki moja hakiwezi. Kijana mmoja alikuwa ameshatupa vepu mbili kabla sijamwonyesha.

Wenye zile vepu za zamani zenye umbo la kalamu, zinazofungwa kwa skrubu, hadithi ni nyingine kidogo. Waya wake una skrubu upande mmoja na USB upande wa pili, na akili ya kuchaji iko ndani ya huo waya, siyo ndani ya kalamu. Soma maandishi yaliyopo kwenye USB yake: kwa kawaida utakuta 4.2V na 420mA. Kichwa chochote kizuri cha volti 5 kitaufaa. Usimwazime mwenzako waya wa skrubu wala usiazime wa kwake kwa sababu tu skrubu inaingia, maana zipo nyaya zinazopitisha volti 5 moja kwa moja kwa ajili ya kalamu zenye chipu yake ndani. Ukizibadilishana, betri ya 4.2 inalishwa 5 bila kitu cha kuizuia.

Na wale wasio na kichwa kizuri? Tundu la laptopu ni zuri sana. USB ya kawaida inatoa hadi miliampia 500, ile ya bluu 900, na vepu inatosheka. Laptopu ikiwa inatumia betri yake, imechomolewa ukutani, hapo hakuna volti 230 popote kwenye njia, na kwa kitu cha mdomoni sijui chanzo kilicho salama kuliko hicho. Pawabenki nayo ni hivyo hivyo, ingawa baadhi zinajizima vepu inapokaribia kujaa kwa sababu zinaona hakuna anayevuta. Nisichokitaka ni tundu la USB la sabufa. Nimelipima la jirani yetu: muziki ukiwa chini, volti 5.2, besi ikipiga zinaporomoka hadi 4.3 na kurudi juu, mara kwa mara kila sekunde. Tundu lile limewekwa kwa ajili ya flashi ya nyimbo. Chipu ya vepu inawaka na kuzima nayo, na watu wanaiacha hivyo sherehe nzima.

Mdogo wangu aliniuliza kama naogopa kupita kiasi, kwa vile marafiki zake wanachaji popote. Nilimsomea namba za Idara ya Zimamoto ya Marekani. Ripoti yao ya 2014 ilikusanya matukio 25 ya sigara hizi kuwaka au kulipuka, na 20 kati yake yalitokea zikiwa kwenye chaji. Ripoti ya 2017, iliyohesabu kuanzia 2009 hadi 2016, ilikuwa na matukio 195: 48 kwenye chaji, 61 zikiwa mfukoni, zenyewe au betri zake za akiba, karibu idadi hiyo hiyo zikiwa zinavutwa. Alinyamaza aliposikia la mfukoni, kwa sababu alikuwa anatembea na betri mfuko mmoja na funguo. Sasa ana kikasha. Mimi sivuti, na ningefurahi siku atakayoacha sigara na vepu pamoja, hilo nimemwambia. Ila maadamu anavuta, ni mdogo wangu, na sitaki kusikia tena harufu ile usiku.

Nisifiche kasoro za kichwa chenyewe. Hakina tundu la taipu C, kwa hiyo ukipoteza waya wa bapa umekwama. Kikiwa kimetumika sana tundu linalegea, na waya ukitikisika kinakata na kuunga, kwa hiyo kabla ya kulipa chomeka waya uutikise huku unatazama taa ya kifaa. Na kasoro kubwa kuliko zote haitokani nacho: feki zake ni nyingi mno. Mwaka 2016 maabara ya usalama ya UL ilitoa majibu ya vichwa bandia 400 vya Apple ilivyovipima. Vilivyoshindwa ni 397, na 12 vilikuwa vibovu kiasi cha kuweza kuua mtu kwa shoti.

Mimi natumia rula. Kwenye plagi ya pini tatu ya kiwango cha Uingereza, tunayoitumia na sisi, kutoka ukingo wa pini hadi ukingo wa plastiki panatakiwa pawe angalau milimita 9.5, ili kidole kinachochomoa kisifike kwenye pini. Feki nyingi zinaanguka hapo hapo kwa sababu ganda limebanwa. Nyingine zinapita rula zinaanguka kwenye uzito, ukizishika mkononi ni kama boksi tupu. Halafu maandishi: ya orijino ni ya kijivu, membamba, yamesimama sawa, na ukisugua kwa kucha yenye mate hayatoki. Mwisho kipima USB. Muuzaji mwenye mali safi hakatazi kupima. Aliyeniuzia hiki alinipa soketi na kiti, akaendelea na wateja wengine nusu saa nzima. Duka la pili nilikoingia siku ile waliniambia kupima ni kuleta nuksi, nikatoka.

Nyumbani kipo sebuleni, kwenye soketi ya ukutani, siyo kwenye ekstensheni. Vepu inawekwa sakafuni juu ya kigae, mbali na pazia. Mdogo wangu anaichomeka akirudi zamu asubuhi, anaoga, anakunywa chai na mama, anaangalia taarifa ya habari, na taa ikizimika anaichomoa ndipo anakwenda kulala. Nimezungushia kichwa utepe mwekundu wa gundi ili mtu asikichukue kwa simu.

Wiki iliyopita nilirudi Aggrey kutafuta cha pili. Yule muuzaji alikuwa navyo vitatu. Viwili vilishindwa rula, tukaviweka pembeni, naye akasema hatavirudisha kwenye kabati. Cha tatu kilipita vyote, nikakichukua kwa 20,000. Hicho kipo mezani kwangu Sinza pamoja na kipima. Mwenye vepu akipita na kichwa chake tunavipima pamoja, na silipishi.